Mkono Mrefu wa Hamahama

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi niliendelea kulala chini ya magari kwa ubishi tu, mpaka majuzi Achieng', ambaye sasa ndiye fundi mkubwa wa gereji yetu ya Gatina, huku Kawangware, Nairobi, aliponishika miguu na kunivuta kutoka chini ya lori akisema, "Fundi Barasa, hapo umelala ama umekwama?" Nilikuwa nimekwama. Jioni hiyo nikarudisha spana zangu kwenye sanduku, na tangu hapo wenzangu wanasema nimestaafu. Achieng' ananihimiza niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Mengi anayajua tayari, na mengine nimemsimulia mara nyingi mpaka anajua ni wapi nitakohoa. Lakini kuna kazi moja ambayo sijawahi kuisimulia yote, kwa sababu kila nikifika katikati koo hukauka. Kalamu haina koo, kwa hivyo nijaribu.

Nilifika Gatina nikiwa kijana mwenye kiburi cha kutengeneza baiskeli. Kwetu Lugari nilikuwa nimefungua na kufunga kila baiskeli ya kijiji, na nilidhani gari ni baiskeli mbili zilizofungwa pamoja. Nilikaa Kibera, nyuma ya shule ya Olympic, kwa binamu yangu, na kila asubuhi nilitembea hadi Kawangware nikiwa na ovaroli safi, ili watu njiani wajue wanapishana na nani. Mwenye gereji aliitazama ile ovaroli siku ya kwanza akaniuliza, "Wewe umekuja kazi ama harusi?"

Jina lake lilikuwa Mwaura, lakini sote tulimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, hata wateja waliomzidi umri. Alizaliwa hapo hapo Kawangware wakati bado palikuwa na mashamba, na gereji yake ilikuwa kwenye ploti ya familia yao, uwanja wa udongo ulioshiba oili mpaka mvua ikinyesha maji yanakimbia juu bila kuingia. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu mnene. Hakupenda redio, hakupenda miluzi, na hakupenda kuulizwa swali akiwa anakunywa chai. Chai aliinywa siku nzima.

Hakunipa spana siku hiyo. Alinisimamisha mbele ya pikapu ya mteja akasema, "Bonyeza boneti." Nikabonyeza, gari likashuka na kuinuka.

"Imesema nini?"

"Imesema kwii."

"Kwii ya chuma ama kwii ya mpira?"

Sikujua kwamba kuna kwii mbili. Basi nikabonyeza magari ya watu siku baada ya siku, mikono ikaniuma, wateja wakaniona mwendawazimu, mpaka asubuhi moja nikasikia. Kwii ya chuma inakatika ghafla. Kwii ya mpira inavuta, kama mlango uliokosa mafuta. Nilikimbia kumwambia Guka kwa furaha kama mtu aliyeokota dhahabu. Alikuwa anakunywa chai, kwa hivyo nilifukuzwa mpaka alasiri.

Vifaa vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Jeki ilivuja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeingia chini ya gari kabla ya kuweka magogo. Nadhani ile jeki mbovu ilituokoa wengi kwa kutufundisha kutoiamini. Spana kubwa ilikuwa imeongezewa bomba la maji ili mtu mdogo kama Guka apate nguvu. Halafu kulikuwa na uzi wa mwashi. Tuliufunga kwenye gurudumu la nyuma, tukauvuta ubavuni mwa gari hadi gurudumu la mbele. Uzi ukiligusa gurudumu la mbele sawasawa, mwanzo wake na mwisho wake, liko sawa. Ukiona mwanga upande mmoja, linatazama kando. Siku hizi kuna mashine za taa, na Achieng' anazitumia vizuri, lakini nimemwona akimaliza na mashine anachungulia huku na huku, halafu anatoa uzi mfukoni.

Kazi ya Guka iliyomleta kila mtu Gatina ilikuwa miguu ya mbele ya pikapu. Nieleze kidogo, wanaojua waruke. Kila gurudumu la mbele la pikapu hizi za zamani linashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Pale mkono unapoungana na chasisi kuna bushi, yaani kipande kinene cha mpira kilichovikwa bomba la chuma, na bolti hupita katikati. Gari likipanda na kushuka, mpira ule unajinyonga na kurudi. Mafundi wengi hukaza bolti ile gurudumu likiwa linaning'inia hewani, kwa sababu ndivyo mkono unavyofika kwa urahisi. Gari likishushwa, mpira unajikuta umenyongwa kabla hata ya safari kuanza, na baada ya muda unapasuka, mteja anarudi na matusi.

Guka alikuwa na sheria: bolti ya mwisho inakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake na limebeba kile litakachobeba. Kama lilikuwa la kubeba kabeji, aliita watu wakae nyuma. Wateja, wapita njia, mama wa chapati wa pale langoni, wote wamewahi kukalishwa kwenye pikapu ya mtu wasiyemjua ili Guka alale chini na kukaza. Watu wa Gatina walizoea. Ukisikia mtu anasema anaenda kuwa kabeji, ulijua anaenda kwetu.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi. Ukikaza, unapanda. Aliyekaza bolti ya mwisho lazima asafiri safari ya kwanza, juu ya gurudumu alilolifunga. Ndiyo maana bolti ya mwisho alijiwekea yeye. Miaka ikapita, nikawa fundi ninayetafutwa kwa jina, nikafungua injini na giaboksi peke yangu, lakini mkono wa mbele ukishafungwa Guka alisimama, akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono apewe ile spana ya bomba. Nilichukia hilo, na sikuwa namficha mtu.

Sasa nifike kwa Wekesa. Kama uliwahi kuhama nyumba Kibera au Kawangware, huenda kitanda chako kilibebwa na Wekesa. Alikuwa jitu la mtu, Mbukusu wa kule karibu na Webuye, na pikapu yake kuukuu ya bluu watu waliiita Hamahama. Alijua mlango upi hauingizi sofa na ngazi ipi inataka kabati lisimame. Alikuwa na desturi moja niliyoipenda. Kiti kimoja alikipakia mwisho kabisa, ili wakifika kiwe cha kwanza kushuka, mama wa nyumba akae kwanza aone nyumba yake mpya, halafu ndipo vitu vianze kuingia. Alikuwa mteja wetu na rafiki yetu. Siku moja, Guka akiwa chini ya gari lake, Wekesa alisema huku akicheka, "Mimi nimehamisha kila mtu hapa. Siku yangu ikifika, msinikodishie gari ya mtu." Sote tukacheka naye.

Miaka michache iliyopita ugonjwa wa sukari ulimlaza hospitalini. Hamahama ikaachwa imeegeshwa kando ya barabara karibu na mtaa wa Nyayo Highrise, na lori la kokoto likirudi nyuma likaligonga gurudumu la mbele la kushoto mpaka likatazama juu. Dereva hakusimama. Binti yake Wekesa, Nafula, ambaye alijifunza kuendesha katika pikapu hiyo hiyo na ndiye aliyekuwa akiendeleza kazi ya baba yake, aliivuta hadi kwetu. Tulikuwa hata hatujaifungua aliporudi tena, akasimama langoni bila kuingia.

"Fundi, baba ameenda."

Guka aliweka kikombe chini.

"Tunamzika Jumamosi nyumbani," Nafula akasema. "Wazee wa familia wanasema tukodishe gari. Mama amekataa. Anasema ni hii ama hakuna mtu anatoka Nairobi."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mkono wa chini wa kushoto ulikuwa umepinda kama ndizi na bushi yake imepasuka. Nilizunguka maduka ya spea ya Kirinyaga Road nikiwa nimeubeba begani. Wauzaji waliuangalia kwa huruma. Pikapu ya aina ile ilikuwa imeacha kuletwa zamani, na mmoja akaniuliza kama natafuta spea ama natafuta makumbusho. Mwishowe nikapata mkono mmoja tu, wa pikapu ya kampuni ile ile iliyoifuata, mdogo wake kwa kuzaliwa. Ukiitazama yote miwili kwa macho tu utaapa ni pacha. Ukiilaza pamoja unaona ule mpya umezidi kwa upana wa kidole, na tundu la bushi ni kubwa zaidi. Muuzaji akasema, "Si mnyooshe ile ya zamani na moto tu?"

Nilimpelekea Guka maneno hayo pamoja na mkono. Maneno aliyatupa. Mkono wa gari haupashwi moto wala hauchomelewi, vijana, na hili nawaandikia kwa herufi zote: chuma kile kikishaonja moto hakikumbuki tena kazi yake. Akaulaza ule mrefu kwenye udongo, akauzunguka, akakaa juu ya gurudumu lake kuukuu alilolifanya kiti, akautazama.

Mama Nafula, mjane wa Wekesa, alikuwa amekuja na binti yake, amefunga leso kichwani, uso umekauka kwa kulia. Guka akamwambia ukweli wote. Njia ya kwenda kwao inateremka bondeni kwa kona, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa. Gurudumu la mbele likikosea pale, si marehemu tu atakayezikwa.

"Na ukikataa kuifunga?" mama akauliza.

"Nikikataa, mtakodisha."

"Alinihamisha mara nne," mama akasema. "Hakuna siku alinipandisha gari ya mtu mwingine. Nitamwambia nini?"

Guka akainama, akaupima tena ule mkono mrefu kwa kiganja. Kisha akasema, "Tutaifunga. Lakini ikikataa, nitasema imekataa, na hakuna mtu atanililia hapa."

Nimefanya kazi na mafundi wengi, na sijaona tena kazi kama ile. Bushi tulikerezewa Kibera kwa fundi wa mashine, ya mpira mzito mpya, ijae lile tundu kubwa. Mkono mrefu uliposukuma gurudumu nje kwa chini, gurudumu lilisimama limetanua mguu. Basi tukaweka sahani nyembamba za chuma nyuma ya mkono wa juu, moja baada ya nyingine, ili nao usogee nje uufuate mwenzake. Tuliweka, tukashusha gari, tukatazama, tukapandisha, tukaongeza. Fimbo ya usukani ikawa fupi, tukairefusha kwa kuizungusha kwenye nyuzi zake za parafujo, nikihakikisha zimebaki za kutosha kushika. Uzi wa mwashi ulifungwa na kufunguliwa hadi ukaanza kukatika. Guka alipima kwa uzi, akapima kwa jicho, akapitisha kiganja juu ya gurudumu kama mtu anayemgusa ng'ombe mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeingia kazini nikiwa na mashaka, na kadiri siku ilivyokwenda mashaka yalinitoka yakaniacha na woga wa aina nyingine, ule unaokupata unapoona jambo ambalo halikupaswa kuwezekana likikubali polepole mbele yako. Vyuma viwili ambavyo havikuzaliwa pamoja vilikuwa vinaanza kutembea hatua moja.

Ikabaki bolti ya mwisho. Alasiri ya Ijumaa Hamahama ilikuwa imesimama kwa miguu yake katikati ya ploti, na watu wa matanga wakaja kutoka Kibera, ndugu zake Wekesa na wanakwaya wa kanisa lao, kuwa kabeji. Kaka zake wakakaa ubavuni huku na huku, kama ambavyo wangekaa kesho yake. Nafula akashika usukani, mama yake akakaa katikati, na mtu mmoja wa kwaya akashika kiti cha dirishani. Katikati, nyuma, pale ambapo jeneza lingekaa, palibaki wazi. Guka akasema pale lazima pawe na uzito. Mimi, fundi mwenye akili, nikasema tuweke magunia ya mchanga.

"Mume wangu si mchanga," Mama Nafula akasema kutoka mbele, bila kugeuka.

Nikawatazama kaka za marehemu, wakatazama miguu yao. Nikawatazama wanakwaya. Kati yetu sisi watu wa magharibi, hakuna mtu mzima anayekwenda kulala mahali pa jeneza la mtu ambaye hajazikwa, na hata huku Kawangware sikudhani angepatikana. Langoni mama wa chapati aliacha kukanda unga.

Guka akaweka kikombe chini. Akaichukua spana ya bomba, akaparamia gurudumu la nyuma, akaingia, akalala chali katikati ya wale wanaume, mikono kifuani, kofia usoni.

"Mimi ni mzee," akasema chini ya kofia. "Hii kwangu ni mazoezi tu."

Mtu mmoja alicheka, halafu akaona haya. Guka alikuwa mwepesi mno kushika nafasi ya Wekesa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Kwenye kona ya gereji kulikuwa na giaboksi la zamani la Hamahama, ambalo Wekesa alilibadilisha na hakurudi kulichukua. "Leteni ile," akasema. "Hiyo ni yake." Tukalipandisha, tukaliweka kati ya miguu yake. Nikamtazama Mama Nafula kwenye kioo cha gari. Akaitika kwa kichwa.

Kisha mkono mwembamba ukatoka juu ya ubavu wa pikapu, umeshika spana ya bomba, ukaielekeza kwangu. Miaka yote ile nilikuwa nimeitaka, na sasa sikuweza kuinua mkono wangu.

"Wewe Barasa, unangojea nini?" Guka akasema. "Nikikaa hapa sana nitazoea."

Nikaichukua, nikaingia chini. Juu yangu wanakwaya waliosimama kando walianza kuimba, taratibu, ule wimbo wanaoimba wakisindikiza, na waliokuwa ndani ya gari wakaupokea. Sauti ilishuka kupitia mbao, ikapita kwenye chasisi, nikaiona, si kuisikia tu, kwenye vumbi lililokuwa likidondoka. Gari likatulia. Niliona mkono wa kushoto, ule mrefu wa kigeni, ukishuka kidogo, ukasita, ukashuka tena, mpaka ukalala sawa na mwenzake wa kulia kana kwamba wamekubaliana. Sitaki kuongeza chumvi. Nililia pale chini, kwa mshangao zaidi kuliko huzuni, na oili ikanidondokea jichoni ikanipa sababu. Nikakaza.

Tukaizungusha Gatina kuijaribu, na Guka akakataa kushuka. Watu walivua kofia barabarani. Mtu wa bodaboda akasimama kando, akafanya ishara ya msalaba, na hapo Guka akainua kichwa, akauliza kwa sauti yake nene, "Nafula, inavuta?"

"Haivuti, Guka!"

Yule wa bodaboda aliangusha pikipiki.

Kulipokucha nilikaa dirishani, juu ya gurudumu la kushoto, kama sheria ilivyotaka. Wekesa alikuwa nyuma mahali pake, na kiti kimoja cha nyumbani kilikuwa kimefungwa juu ya kila kitu. Tukafika mteremko. Bonde lilifunguka upande wangu, na mimi sikulitazama; nilitazama vidole vya Nafula. Mtu anayepigana na gari lake hukunja ngumi. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya usukani, wazi. Kona baada ya kona niliungojea mlio, kwii ya chuma, nikasikia tu upepo na kaka zake Wekesa wakiimba nyuma. Tulipofika chini Nafula akavuta pumzi ndefu akasema, "Fundi, hii gari haijawahi kwenda hivi hata yeye mwenyewe akiwa anaendesha." Mama yake akamwambia aangalie mbele.

Tulifika nyumbani kwao kwa njia ya mawe na mashimo, mahindi yakitugusa pande zote. Watu walikuwa wengi. Kabla ya mtu yeyote kugusa jeneza, Nafula alipanda nyuma, akafungua kamba, akashusha kile kiti, akakiweka kwenye nyasi, na mama yake akakaa. Ndipo wakamshusha Wekesa.

Uzito ulipoondoka, Hamahama iliinuka upande wa kulia. Upande wa kushoto haukuinuka. Ule mpira mpya mzito niliokuwa nimeukaza jana ulikuwa umeshikilia pale pale, na gari likabaki limeinamisha bega moja mbele ya watu wote. Niliona wazee wakionyeshana. Mama Nafula akaniita.

"Fundi, imevunjika?"

"Hapana, mama. Bado inafikiri imembeba."

Akaitazama muda mrefu. Nikamwambia ni bolti moja tu, nikiilegeza itainuka, na kwamba haifai kurudi Nairobi hivyo kwa sababu itavuta kushoto. Akasema, "Wacha kwanza azikwe." Basi ilibaki imeinama wakati wa maombi, wakati wa hotuba, wakati wa kaburi, na sikuona mtu akipita mbele yake bila kupunguza mwendo.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nikalala chini yake kwenye nyasi. Mama Nafula alileta kiti chake akakaa karibu na gurudumu. Nikaweka spana, nikalegeza. Mpira ukaachia, ukatoa sauti ile inayovuta, ndefu, na bega la gari likapanda polepole mpaka likawa sawa. Yeye aliisikia pia.

"Sasa ameshuka," akasema.

Nilikaza upya na Nafula na mama yake wakiwa wamekaa mbele, na tukarudi nayo hivyo. Hamahama bado inahamisha watu hadi leo, na Nafula bado anapakia kiti kimoja mwisho.

Niliporudi gerejini Guka alikuwa amekaa juu ya gurudumu lake kuukuu. Hakuniuliza kama tulifika.

"Ilisimama aje, mkishamshusha?"

"Iliinama, Guka."

"Upande gani?"

"Wangu."

"Basi ulikaza vizuri," akasema, akamimina chai. Alasiri ile ikaja pikapu ya mtu wa mbao, tukaufungua mguu wa mbele na kuufunga, ikabaki bolti ya mwisho tu. Watu wakapanda nyuma kuwa kabeji. Mimi nikasimama kando na spana ya bomba mkononi, nikimngojea ainuke. Akanywa chai yake, na hakuinuka.